Chuo Kwanza, Skuli Baadaye: Umri wa Kuanza Masomo Katika Kisiwa cha Pemba

Katika nchi nyingi wazazi hushauriana kama mtoto mdogo apelekwe skuli mara afikapo umri uliowekwa na sheria, au azuiliwe nyumbani mwaka mmoja au miwili mpaka mwili na akili yake vikomae. Katika kisiwa cha Pemba shauri hilo limekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini halikuja kwa sura hiyo. Aghlabu mzazi wa Kipemba wa zamani hakuuliza mtoto wake ana miaka mingapi. Aliuliza amefika wapi katika Kurani. Mtoto aliyekuwa bado yumo katika juzuu ya Amma hakuwa amefika wakati wa skuli, hata awe mrefu namna gani. Na yule aliyehitimu alikuwa amefika, hata awe mdogo. Makala haya yaeleza jinsi kipimo hicho kilivyotumika, jinsi kilivyogongana na kipimo cha miaka kilicholetwa na Serikali ya kikoloni, na jinsi vipimo hivyo viwili vilivyopatanishwa bila ya kimoja kukishinda kingine.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa maneno yamehifadhi mengi ambayo daftari za Serikali hazikuyahifadhi. Neno “chuo” hapo zamani maana yake ilikuwa kitabu, na ndiyo sababu mjuzi wa elimu ya dini huitwa mwanachuoni. Baadaye neno hilo likahamia mahali pale kitabu kinaposomwa, yaani kwa mwalimu wa Kurani. “Skuli” ni neno lililotoka katika Kiingereza, kama vile “shule” ya Bara ilivyotoka katika Kijerumani. Katika Unguja na Pemba maneno chuo na skuli hayakuwa majina mawili ya kitu kimoja. Aliyekuwa chuoni alikuwa mbele ya msahafu. Aliyekuwa skuli alikuwa mbele ya mwalimu wa Serikali au wa misheni. Hata vitendo vilivyofuatana na maneno hayo vilikuwa mbalimbali. Mtoto “alitiwa” chuoni, na mwenye kumtia alikuwa baba yake, au mjomba, au babu. Lakini skuli mtoto “aliandikishwa”, na mwenye kumwandika alikuwa mtu mwingine, mwenye daftari mkononi. Katika tofauti ya vitendo hivyo viwili ndimo lilimokuwa shina la mgogoro wote.

Chuo hakikuwa na umri wa kuingia. Mtoto alipoweza kutamka vizuri, kukaa mkekani bila ya kulia na kujizuia haja zake, alipelekwa. Wengine waliingia wakiwa na miaka minne au mitano, wengine sita au saba. Alianza kwa kuzijua herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha. Halafu akasoma sura fupi zilizo mwishoni mwa msahafu na kurudi nyuma kuelekea sura ndefu. Wanafunzi wote walikaa pamoja barazani kwa mwalimu, kila mmoja katika pahala pake pa kusoma, na mkubwa alimfundisha mdogo. Hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili, na kwa hiyo hapakuwa na mtoto aliyechelewa. Mwenye akili nyepesi alihitimu upesi; mwenye akili nzito alichukua miaka mingi. Wakati mwalimu alipokwenda shamba, baadhi ya wanafunzi walikwenda kumsaidia, na hiyo ilikuwa sehemu ya ada yake. Siku ya kuhitimu ilikuwa siku ya furaha kwa jamaa wote, kwa maana mtoto alikuwa ametoka katika daraja moja ya utu na kuingia katika nyingine.

Heshima hiyo ilikuwa na uzito wa pekee Pemba. Baada ya tufani ya mwaka wa 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu, na watumwa wengi walifanya kazi katika mashamba hayo. Hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria katika mwaka wa 1897, watu waliotoka utumwani na watoto wao walihitaji kujipatia mahali katika jamii ambayo hapo kwanza iliwahesabu kuwa mali. Mojawapo ya njia hizo ilikuwa chuo. Mtu aliyejua kusoma Kurani, kusalisha na kusoma khitima hakuweza kudharauliwa kwa wepesi. Kwa mzazi wa namna hiyo, kumwondoa mtoto chuoni kabla hajahitimu ili aende skuli kulikuwa ni kumkatiza njia katikati.

Ama miaka ya mtoto, wazee waliihesabu kwa namna yao. Walisema kwamba fulani alizaliwa msimu wa karafuu nyingi, au baada ya Mwaka fulani wa Nairuzi, au katika masika ya njaa. Hesabu hiyo ilitosha kwa kujua nani mkubwa na nani mdogo, lakini haikutosha kwa daftari lililotaka tarehe. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki ilienea desturi ya kumwambia mtoto apitishe mkono wake wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Aliyelifikia alihesabiwa kuwa ametimiza umri wa skuli. Asiyelifikia alirudishwa nyumbani. Kipimo hicho kilikuwa cha urefu wa mkono, si cha miaka. Na mtoto aliyekulia katika lishe duni alionekana mdogo kuliko alivyokuwa.

Isidhaniwe kwamba Waislamu wa Pemba hawakuwa na nambari yoyote. Walikuwa nayo, nayo ni saba. Mafundisho ya dini yawataka wazazi wamwamrishe mtoto kusali afikapo miaka saba, na wanavyuoni huuita wakati huo wakati wa kupambanua, yaani mtoto huanza kutenganisha jema na baya. Lakini miaka saba hiyo ilikuwa kikomo cha kazi iliyokwisha kuanza. Mtoto wa kuamrishwa kusali akiwa na miaka saba lazima awe amekwisha kufundishwa Alhamdu na sura fupi kabla ya hapo. Kwa hiyo miaka ya mwanzo ilikuwa na mwenyewe tayari, na skuli ilipokuja na kuidai miaka hiyo hiyo, ilikuwa kama mgeni aliyekuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Skuli za kwanza zilizojulikana Pemba zilikuwa za wamisheni. Misheni ya Marafiki, yaani Quaker, ilianza kazi mwaka wa 1897 na kujenga makao yake Banani karibu na Chake Chake, na Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa na kituo upande wa Wete. Kwa sababu hiyo neno skuli lilinuka ukristo katika pua za wazee wengi. Idara ya Elimu ya Serikali ilianzishwa Unguja mwaka wa 1907 chini ya S. Rivers-Smith, na katika miaka iliyofuata skuli za Serikali zikafika Pemba. Skuli hizo hazikuwa za kanisa, lakini zilikuwa na sifa nyingine zilizowatia wazee shaka. Zilifundisha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ilhali watu walikuwa wakiandikiana barua na mikataba kwa herufi za Kiarabu. Tena zilitaka watoto asubuhi, wakati ambao vyuo navyo vilikuwa vikisomesha.

Wazazi wengi walijibu kwa kuchelewesha. Hawakukataa katakata, walisema, “Ahitimu kwanza.” Jibu hilo lilikuwa na adabu ndani yake, kwani halikumvunjia heshima mudiri wala mwalimu mkuu, na pia lilikuwa na nguvu, kwani hakuna ofisa aliyeweza kumlaumu baba hadharani kwa kumfundisha mwanawe Kurani. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi waliingia darasa la kwanza wakiwa wakubwa, na wengine hawakuingia kabisa.

Hoja ya wazazi hao haikuwa ya Pemba peke yake, wala haikuwa ya watu wasiosoma. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332 na kufariki Misri mwaka wa 1406, aliiandika katika Muqaddima yake. Alieleza kwamba kadhi mmoja wa Andalus, Abu Bakr ibn al-Arabi, aliyekufa mwaka wa 1148, alishauri mtoto afundishwe kwanza lugha na mashairi, kisha hesabu, kisha ndipo aingie katika Kurani, ili asisome asichokifahamu. Ibn Khaldun aliusifu ushauri huo, lakini akasema desturi haikubaliani nao, na akaitaja sababu. Mtoto akiwa bado mikononi mwa wazazi husikia akiambiwa. Akibaleghe na kujiona mtu mzima, huenda upepo wa ujana ukamchukua, na Kurani ikampita moja kwa moja. Watu huanza nayo kwa kuwa wanaogopa kuikosa. Mzee wa Kengeja au Konde ambaye hakupata kuliona jina la Ibn Khaldun aliifuata hoja hiyo hiyo kwa methali aliyoirithi: Udongo uwahi ungali maji.

Lakini methali hiyo iliweza kutumiwa na upande wa pili vile vile. Walimu wa Serikali nao walisema kwamba udongo lazima uwahiwe, na kwamba mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja anayekaa na wadogo wa miaka saba huona haya, huchoka, na huacha masomo. Kwa hakika hoja yao ilikuwa na ukweli. Aliyeanza akiwa na miaka kumi alikuwa kijana wa kuoa alipokuwa bado katika madarasa ya juu ya skuli ya msingi. Msimu wa karafuu ulipofika, mkono wake ulikuwa na thamani. Aliweza kupanda mkarafuu na kuchuma pishi za kutosha kwa siku, ilhali mdogo wake alikuwa bado wa kukaa chini na wanawake kuchambua makonyo. Hali kadhalika mtoto wa mvuvi aliyekuwa na nguvu alichukuliwa dago na kukaa huko wiki nyingi. Kuchelewa mwanzoni kulizaa kuacha mapema mwishoni. Na kwa kuwa skuli ya sekondari ya Serikali ilikuwa mjini Unguja kwa muda mrefu, kijana wa Pemba alihitaji kuvuka bahari ili aendelee, na wachache waliofika umri ufaao pamoja na cheti kifaacho ndio waliovuka. Hasara hiyo ilionekana katika nafasi za ukarani na ualimu, ambazo wengi wa waliozishika kisiwani walitoka nje ya kisiwa.

Hata hivyo umri waliouleta maofisa haukuwa umri ulioshuka kutoka mbinguni. Walitoka katika nchi ambayo sheria yake ya mwaka wa 1870 ilitaja miaka mitano kuwa mwanzo wa skuli, na sheria ya mwaka wa 1880 ikafanya kwenda skuli kuwa lazima. Nambari hiyo ya tano ilikatwa katika Bunge, katika nchi ya viwanda ambayo watoto wake walihitajiwa kazini mapema. Haikutokana na uchunguzi wa akili ya mtoto. Nchi nyingine za Ulaya, kama Finland, zilishika miaka saba, na watoto wao hawakubaki nyuma kwa sababu hiyo. Kwa hiyo Mwingereza na Mpemba kila mmoja alikuwa na nambari iliyotokana na desturi yake. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja wao alikuwa na uwezo wa kuiita nambari yake sheria.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za Serikali zililificha. Mtoto aliyeandikwa kuwa hajapata kusoma alikuwa mara nyingi amekwisha kusoma miaka mitano au sita. Alijua kwamba sauti huwakilishwa na alama, alijua kukaa na kusikiliza, alijua kukariri na kusahihishwa. Alipofika skuli ilimbidi ageuze mkono, aandike kutoka kushoto kwenda kulia, na aanze tena na a, e, i, o, u kama kwamba hakuwa na kitu. Elimu aliyokuja nayo haikuwa na mahali katika daftari.

Kwa mtoto wa kike mambo yalikuwa mazito zaidi. Skuli ya kwanza ya Serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka wa 1927, na Pemba ilisubiri zaidi. Msichana alitiwa chuoni pamoja na kaka zake, na wengi walihitimu kama wao. Lakini baada ya hapo njia zao zilitengana. Mvulana aliyecheleweshwa mpaka miaka kumi alikuwa bado na miaka mingine mbele yake. Msichana aliyecheleweshwa mpaka umri huo alikuwa amekaribia kuvunja ungo, na mara avunjapo ungo alitakiwa akae ndani. Neno lile lile, “Ahitimu kwanza,” kwa mvulana lilikuwa na maana ya kungojea, na kwa msichana lilikuwa na maana ya kukosa. Wazazi hawakukusudia hivyo wote, lakini hesabu ya miaka ilifanya kazi hiyo bila ya kuwauliza. Kwa upande huu methali nyingine ilisema kweli: Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Suluhu haikuja kwa kushurutisha. Idara ya Elimu ilitambua polepole kwamba mzazi hakuichukia skuli kwa kuwa ni skuli, bali alichukia mfuatano uliovurugwa. Kwa hiyo, kadiri karne ya 20 ilivyosonga, mafundisho ya Kurani na dini yaliingizwa katika ratiba za skuli za Serikali, na walimu waliojulikana kwa uchaji wao wakaajiriwa kuyafundisha. Wanavyuoni wakubwa wenyewe walishiriki kazi hiyo. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka wa 1912 na kufariki mwaka wa 1982, alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa kadhi wa Zanzibar. Mzazi alipomwona mtu wa namna hiyo mlangoni mwa skuli, sababu yake kubwa ya kumzuia mtoto ilipungua nguvu. Lakini suluhu hiyo nayo ilikuwa na bei. Kurani iliyofundishwa kwa vipindi vilivyogongewa kengele haikuwa ile ya barazani, ambako mtoto hakuondoka mpaka aimudu aya yake. Wengi waliona kwamba mtoto wa skuli ataijua Kurani kiasi, lakini hatahitimu. Ndiyo maana vyuo havikufa.

Baada ya Mapinduzi ya mwezi wa Januari 1964, Serikali mpya ilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Skuli zikaongezeka, na mtoto wa Pemba alitarajiwa kuanza akiwa na miaka saba. Hapo ndipo mfuatano wa zamani ulipobadilika umbo. Madarasa hayakutosha, na skuli nyingi zikasomesha kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Nusu ya siku iliyobaki ikachukuliwa na chuo. Kile kilichokuwa mfuatano wa miaka, chuo kwanza na skuli baadaye, kikageuka kuwa mfuatano wa saa: mtoto wa zamu ya mchana alikwenda chuoni asubuhi, na wa zamu ya asubuhi alikwenda chuoni jioni. Mzazi hakulazimika tena kuchagua kati ya viwili. Mzigo wa kuchagua uliondoka kwa mzazi ukawa mzigo wa kuchoka kwa mtoto, ambaye siku yake yote ilikwisha katika masomo.

Zamu ya mwisho ya historia hii ni ya ajabu. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Mombasa walilalamika kwamba watoto wao huchelewa kuingia skuli za msingi na hushindwa na wenzao waliopitia skuli za chekechea. Kwa msaada wa Shirika la Aga Khan ulianzishwa mpango wa madrasa za chekechea, ambao mwalimu Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na mwaka wa 1990 mpango huo ukafika Zanzibar. Ndani ya madrasa hizo mtoto wa miaka mitatu au minne alijifunza dini yake, nyimbo, hesabu na michezo mahali pamoja. Taasisi iliyokuwa sababu ya kuchelewesha ikawa mlango wa kuanza mapema. Halafu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka wa 2006 ikashusha umri wa kuanza skuli ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na ikaiingiza miaka miwili ya maandalizi, yaani ya nne na ya tano, katika elimu ya lazima. Miaka ile ambayo hapo kwanza ilikuwa ya baraza la mwalimu wa Kurani peke yake, sasa imeandikwa katika daftari la Serikali.

Wazazi wanaochelewesha hawakutoweka kwa sera. Ila sababu zao zimekuwa nyingine: mwendo mrefu wa mguu kati ya kijiji na skuli, mwili mdogo wa mtoto, msimu wa karafuu, dago. Na wako ambao bado hupenda mtoto aimudu kwanza juzuu ya Amma. Mwenye kupanga mambo ya elimu akiwahesabu wote hao kuwa wajinga wa faida ya skuli, atarudia kosa la miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kwa kuwa atatibu ugonjwa usiokuwapo. Kinachotakiwa ni kuuliza, kwa kila mtoto aliyebaki nyumbani, miaka yake ya mwanzo imeshikwa na nani na kwa kazi gani. Mtoto aliyeko chuoni na mtoto aliyeko shambani wote wawili huandikwa kuwa hawamo skuli, lakini hawako katika hali moja; mmoja anasoma na mwingine anangoja. Na kama mtoto aliyengojeshwa ni wa kike, yafaa kukumbukwa kwamba mwaka mmoja wa kwake haukuwa sawa na mwaka mmoja wa kaka yake.

Lugha yenyewe imetoa hukumu yake kwa utulivu. Neno “kuhitimu”, ambalo kwa mzee wa Pemba lilikuwa ni kuimaliza Kurani, leo hutumika kwa kijana anayepokea shahada. Na mahali anapoipokea huitwa chuo kikuu. Skuli ilishinda katika kuweka umri, lakini ilipotafuta majina ya vilele vyake, iliyaazima kutoka barazani, kwa mwalimu ambaye hakuwa na daftari.